Uliza Ujibiwe: Gharama za sangara na mhadhiri asiyetoa jibu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka Mwanza na viunga vyake, na zinahusu jambo moja ambalo wanafunzi wa biashara wamekuwa wakilinung'unikia kwa muda mrefu, nalo ni uhasibu wa menejimenti unapofundishwa kwa kujadili visa mkasa, yaani masimulizi ya biashara yenye uamuzi unaosubiri kufanywa, badala ya mihadhara. Tumechagua nne. Baadhi tumezifupisha, lakini hoja za waandishi zimebaki kama zilivyo.

Shikamoo, Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara kwa masomo ya jioni hapa Mwanza, na mchana ni mhasibu katika kampuni ya usafirishaji. Vitabu vya hesabu havinipi shida. Nimekwisha kufunga hesabu za mwaka mara nyingi na mizania yangu hulingana. Shida yangu ni uhasibu wa menejimenti. Mhadhiri anatugawia karatasi kama kumi na tano zenye habari za kiwanda cha minofu ya samaki, na majedwali nyuma yake, kisha darasani anauliza: "Ungekuwa wewe meneja, ungefanyaje?" Mimi hukesha nikikokotoa hadi senti ya mwisho. Nikifika darasani nakuta watu ambao hawajawahi kushika leja ndio wanaozungumza na kusifiwa, na kipindi kinakwisha bila mhadhiri kutuambia jibu sahihi ni lipi. Je, huku ni kufundishwa, au ni kupiga soga kwa ada kubwa?
*Mwanafunzi, Nyegezi*

Marahaba. Malalamiko yako yana sehemu mbili, na nitaanza na ile ya jibu sahihi, kwa sababu ndiyo inayowasumbua wahasibu wengi waliokwisha kukomaa kazini kabla ya kurudi darasani.

Uhasibu wa fedha, ambao ndio unaokupa riziki, huandaliwa kwa ajili ya watu walio nje ya kampuni: wenye hisa, benki, mkaguzi, Mamlaka ya Mapato. Kwa kuwa watu hao hawawezi kuingia stoo wakahesabu wenyewe, kuna viwango vya kimataifa vinavyoelekeza uchakavu ukokotolewe vipi na bidhaa zilizobaki zithaminiwe vipi, na hapa nchini ipo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, kusimamia taaluma hiyo. Uhasibu wa menejimenti haudaiwi na mtu wa nje. Unamhudumia mtu aliye ndani ambaye kesho asubuhi ni lazima aamue: anunue au asinunue, afunge kitengo hiki au akiache, akubali oda ya bei ya chini au aikatae. Kwa hiyo mtu akiuliza kilo moja ya minofu inagharimu kiasi gani, mhasibu wa menejimenti aliyefundwa vizuri humrudishia swali: unataka kuamua nini? Mwanauchumi wa Marekani, John Maurice Clark, alilieleza jambo hili mwaka 1923 alipoandika kuhusu gharama za jumla za viwanda, yaani zile ambazo si za bidhaa moja pekee, kwamba makusudi tofauti yanahitaji gharama tofauti, na sehemu kubwa ya somo lako imejengwa juu ya wazo hilo.

Tuchukue kiwanda cha aina ile ile uliyopewa, ila tarakimu ni zangu, na nimezirahisisha ili uzifuate bila kikokotoo. Kiwanda kinanunua sangara kilo 10,000 kwa shilingi 8,000 kwa kilo, yaani shilingi milioni 80. Kupokea, kuosha, kukata, barafu, umeme na ujira wa wakataji ni shilingi milioni 10. Hadi hapo zimetumika milioni 90, na hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba shilingi hii ilikwenda kwenye mnofu na ile kwenye bondo, yaani kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa samaki, kwa sababu samaki alinunuliwa mzima. Kwenye meza ya kukatia zinatoka minofu kilo 3,900 inayouzwa shilingi 22,000 kwa kilo, mabondo kilo 100 yanayouzwa shilingi 140,000 kwa kilo, na mapanki kilo 5,000, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya mnofu kutolewa, yanayouzwa shilingi 500 kwa kilo. Kilo 1,000 zilizosalia ni utumbo, magamba na maji. Mauzo yote ni shilingi milioni 102.3, na faida ni milioni 12.3.

Sasa mhasibu wa kiwanda anagawa zile milioni 90 kwa uzito. Kilo zinazouzika ni 9,000, kwa hiyo kila kilo inabeba shilingi 10,000. Minofu inaonyesha faida ya milioni 46.8, mabondo faida ya milioni 13, na mapanki yanaonyesha hasara ya milioni 47.5. Jedwali limekamilika, jumla inalingana, na mtu aliyezoea kufunga hesabu ataridhika nalo. Meneja akilisoma ataagiza kiwanda kiachane na biashara ya mapanki, na kwa shehena inayofuata faida itashuka kutoka milioni 12.3 hadi milioni 9.8, kabla hata ya kulilipa lori la kwenda kuyatupa. Mhasibu mwingine anagawa kwa thamani ya mauzo, na kwake mapanki yanabeba kama milioni 2.2 tu, hivyo yanaonyesha faida ndogo. Hasara ya milioni 47.5 imetoweka, wala hakuna samaki aliyeongezeka mezani au mkataji aliyeongeza kasi ya kisu chake.

Hapo ndipo kisa mkasa kinapoleta swali lake. Tuseme kiwanda kimeshauriwa kikaushe mapanki hayo na kuyasaga yawe chakula cha kuku, kwamba kazi hiyo itaongeza gharama za shilingi milioni 1.8 kwa kila shehena, na kwamba unga utauzwa kwa milioni 4. Aliyegawa kwa uzito atasema mapanki yana hasara kubwa mno, tuyaokoe. Aliyegawa kwa thamani ya mauzo atasema yana faida kiduchu, tuyaongezee thamani. Wote wawili wamepotea njia, kwa sababu uamuzi huu hauhitaji mgawanyo wowote. Mapato yataongezeka kwa milioni 1.5, yaani milioni 4 toa milioni 2.5 ambazo kiwanda kinazipata sasa, ilhali gharama zitaongezeka kwa milioni 1.8, na hivyo kila shehena itapoteza laki tatu. Zile milioni 90 hazimo kabisa katika swali, kwani zitatumika iwe mapanki yatasagwa au yatauzwa yalivyo. Mgawanyo una kazi yake, hasa unapothamini bidhaa zilizobaki stoo mwisho wa mwaka kwa ajili ya taarifa za fedha, lakini ukiuleta kwenye uamuzi huu unakupoteza.

Nimelikalia jambo hili kwa urefu kwa sababu mtu anaweza kulisoma kitabuni kwa dakika tano, akalikubali, akalijibu kwenye mtihani, na bado akalikosea siku anapoletewa jedwali la kiwanda lenye hasara ya milioni 47.5 iliyopigiwa mstari. Mjadala unakulazimisha ulikosee au ulitetee mbele ya watu, pasipo samaki wa kweli kuoza.

Ama kuhusu wenzako wanaozungumza bila hesabu, wagawe mafungu mawili. Yupo anayejua kwamba mapanki hununuliwa na kina mama wanaoyakausha na kuyakaanga ili wayauze mitaani, na anauliza itakuwaje kama wanunuzi hao wataachwa kwa msimu mmoja kisha unga ukose soko. Huyo ameleta taarifa ambayo haimo kwenye jedwali lako, na kazi yako ni kumsaidia kuigeuza kuwa tarakimu, kwa mfano kwa kuuliza bei ya unga ingepaswa kufika wapi ndipo hatari hiyo istahili kubebwa. Fungu la pili ni la wale wanaosema "tuboreshe ubora" na "tutafute masoko mapya" wiki baada ya wiki. Hao waulize kwa upole: kwa kiasi gani, na kutoka fedha gani? Mhadhiri mzuri angewauliza hivyo yeye mwenyewe, na asipofanya hivyo, basi lawama yako ya soga ina msingi.

Vilevile usichanganye mambo mawili. Kwamba kisa hakina jibu moja sahihi si sawa na kusema hakina majibu yasiyo sahihi. Anayehesabu fedha zilizokwisha kutumika kana kwamba zinaweza kurudi amekosea. Anayeitwika bidhaa moja pango la jengo ambalo litalipwa vyovyote vile amekosea. Anayesahau kwamba mashine ikipewa kazi hii haiwezi kufanya ile, na kwamba ile ingeleta fedha, amekosea pia. Baada ya makosa hayo kuondolewa hubaki njia mbili tatu ambazo watu wenye akili timamu wanaweza kutofautiana juu yake, na huko ndiko mhadhiri wako anakokataa kuwaamulia. Ningependa, hata hivyo, awaonyeshe ubaoni sehemu ya hesabu isiyo na ubishi kabla ya kufunga kipindi. Una haki ya kumwomba.

Njia yenyewe haikubuniwa na wahasibu. Profesa Langdell alianza kufundisha sheria kwa kesi katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1870, na shule ya biashara ya chuo hicho, iliyofunguliwa mwaka 1908, iliichukua kwa nguvu baada ya mwanasheria Wallace Donham kuwa mkuu wake mwaka 1919. Kisa chao cha kwanza cha biashara, cha mwaka 1921, kilihusu kampuni ya viatu. Tofauti na kesi ya mahakamani, ambayo ina hukumu mwishoni, kisa cha biashara hukatwa mahali ambapo mtu bado hajaamua. Ndiyo maana unalitafuta jibu ukurasa wa mwisho bila kulipata.

Namna ya kujiandaa, basi. Soma mara ya kwanza bila kalamu, ukitafuta vitu viwili tu: ni nani anayeamua, na ana muda gani. Kama mwamuzi ni meneja wa zamu, pendekezo la kujenga kiwanda kipya Musoma halimhusu hata likiwa zuri kiasi gani. Soma mara ya pili ukiwa na kalamu, na kwa kila gharama jiulize kama itabadilika endapo uamuzi utakuwa ndiyo badala ya hapana. Isiyobadilika ipige mstari uiache. Utashangaa karatasi zinavyopungua, na usiku wako wa kukokotoa utapungua nazo. Kisha kutana na wenzako wanne au watano kabla ya kipindi, lakini msigawane kurasa kama watu wanaogawana zamu za kupika, kwa sababu anayesoma majedwali peke yake hawezi kujua yule aliyesoma masimulizi ameacha nini. Nenda darasani ukiwa na msimamo mmoja, tarakimu tatu za kuutetea, na sharti moja ambalo likibadilika nawe utabadili msimamo. Hilo la mwisho wanafunzi wengi hulisahau, nami nalithamini kuliko yote, kwani linaonyesha kwamba mtu ameelewa hesabu yake imesimama juu ya nini.

Nikiri pia upungufu wa njia hii. Haikufundishi ufundi. Kukokotoa tofauti kati ya gharama ya kawaida, yaani iliyopangwa mapema, na gharama halisi, kuandaa bajeti ya fedha taslimu, kutafuta kiwango cha mauzo ambacho hakina faida wala hasara, yote hayo yanataka mazoezi mengi ya kalamu na karatasi, na ikiwa unakusudia kufanya mitihani ya Bodi, ufasaha wa mjadala hautakusaidia pale saa zinapokwisha na jedwali halijakamilika. Isitoshe, kisa mkasa humpa mwanafunzi tarakimu zilizokwisha kusafishwa na kupangwa, wakati kwenye mwalo, samaki wanakoshushwa, taarifa hiyo hiyo iko katika daftari la mpima mizani, nusu yake imefutika kwa maji.

Kwako Mwalimu, salaam. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Nimejiunga na kozi fupi ya biashara, na huko tunajadili visa vya makampuni ya Ulaya na Marekani ambavyo sioni vinanihusu nini. Nina ghala ninalolipia shilingi laki sita kwa mwezi, na mlinzi laki mbili, kwa hiyo ni kama laki mbili kwa wiki. Wiki za giza nauza magunia 50, hivyo kila gunia linabeba shilingi 4,000 za ghala. Wiki ya mbalamwezi wavuvi wanapumzika, napata magunia 10 tu, na kila moja linabeba 20,000. Gunia nanunua shilingi 110,000, ushuru, kushona na kupakia ni 6,000, nauza 130,000. Binti yangu, ambaye amesomea uhasibu, anasema wiki ya mbalamwezi nafanya biashara ya hasara ya shilingi 6,000 kwa kila gunia, afadhali nifunge niende nikapumzike. Mimi roho inakataa ila sina hoja.
*Mama wa dagaa, Kirumba*

Mama, salaam nimezipokea, na hoja unayo, ila hujaiweka kwenye karatasi. Binti amegawanya sawasawa na tarakimu zake ni sahihi. Alichokosea ni kulichukua jibu la swali moja akalitumia kujibu swali jingine.

Ukiuza gunia moja wiki ya mbalamwezi, unapokea 130,000 na kutoa 116,000. Zinabaki 14,000, ambazo wahasibu huziita mchango, kwa kuwa zinachangia kulipa zile gharama zitakazokuwapo hata usipouza. Magunia 10 yanachangia 140,000. Ukifunga, ghala na mlinzi vinakusubiri na laki mbili zao, na hasara ya wiki hiyo ni 200,000 kamili. Ukiuza, hasara ni 60,000. Kufunga kunakugharimu 140,000 zaidi, na mapumziko ya bei hiyo ni ghali, labda kama mwili umechoka kweli, jambo ambalo nalo ni gharama.

Tazama pia hatari iliyojificha katika mgawanyo wa binti. Mwenye biashara akiamini kwamba gunia la mbalamwezi linamgharimu 16,000 zaidi, atajaribu kupandisha bei kwa kiasi hicho. Wateja wakimkimbia atauza magunia matano, kila moja litabeba 40,000, naye atapandisha tena. Viwanda vikubwa vimewahi kuacha bidhaa moja baada ya nyingine kwa mtindo huu, kila mara gharama za jumla zikihamia kwa bidhaa zilizobaki hadi nazo zikaonekana hazifai. Dawa yake ni kugawa pango kwa idadi ya magunia ambayo ghala linaweza kupitisha katika mwezi wa kawaida. Kama ni magunia 160, gunia linabeba 5,000, giza iwe au mbalamwezi, na nafasi iliyokaa wazi unaiandika peke yake kama gharama ya nafasi isiyotumika, ili uione na kuifikiria, badala ya kuificha ndani ya bei ya gunia.

Lakini kuna swali ambalo ningelitupa darasani kama kisa hiki kingekuwa changu kukifundisha. Hilo ghala unalo kwa nini? Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitanda mzigo unaopokelewa mwaloni hupungua. Mfanyabiashara mwenye mahali pakavu pa kuhifadhia anaweza kununua mzigo ukiwa mwingi na kuuza ukiwa haba. Kama hivyo ndivyo unavyofanya, au unavyoweza kufanya, basi pango la ghala kwa kweli limelipwa kwa ajili ya wiki ya mbalamwezi, na yale magunia 50 ya giza, ambayo pengine hupakiwa kwenye lori bila hata kulala ndani, hayastahili kubebeshwa chochote. Binti aliyaona magunia 10 kuwa mzigo wa ghala. Huenda ndiyo sababu ya kuwa na ghala. Mkae naye muone ni magunia mangapi mliyoweza kuyahifadhi, bei ilipanda kwa kiasi gani, na mangapi yaliharibika kwa unyevu. Hapo ndipo mtapata hesabu yenye maana.

Mkataba wa pango ukikaribia kwisha, swali linabadilika tena. Leo laki sita haziepukiki, kwa hiyo hazina nafasi katika uamuzi wa wiki hii. Siku ya kuandika mkataba mpya zinaepukika, na ni lazima ujiulize kama mchango wa mwezi mzima, giza na mbalamwezi kwa pamoja, unazidi laki nane. Ghala ni lile lile na fedha ni zile zile.

Kuhusu visa vya Ulaya na Marekani, nakuunga mkono nusu. Tarakimu zake hazikuhusu, na masharti ya mikopo, kodi na ajira ya huko hayafanani na ya Kirumba. Kinachokuhusu ni umbo la swali: mtu mwenye gharama zisizobadilika na mauzo yanayopanda na kushuka. Hata hivyo sioni kwa nini kozi inayofundishwa hatua chache kutoka ziwani ianze na kiwanda cha ng'ambo. Kinu cha kuchambua pamba kinachotoa nyuzi na mbegu kwa pamoja kina tatizo lile lile la mgawanyo nililomweleza msomaji wa Nyegezi. Vivuko vilivyokuwa vikivusha magari kati ya Kigongo na Busisi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2025, vingetoa kisa kizuri sana: fedha iliyovinunua imekwisha kutumika, na swali lililobaki ni kazi gani nyingine vinaweza kufanya na itaingiza nini. Mwombe mkufunzi wako akuruhusu ulete daftari lako la dagaa. Ufute majina ya wateja kwanza.

Mhariri, naomba ufafanuzi. Kila kisa tunachojadili kikifika kwenye gharama za jumla, kuna mtu atanyoosha mkono na kusema suluhisho ni kugawa gharama kwa shughuli, yaani kila bidhaa ibebe gharama za kazi inazozisababisha. Je, ndiyo dawa ya kila kitu?
*Mhasibu, Ilemela*

Hapana. Njia hiyo ilipata umaarufu katika miaka ya 1980 kupitia kazi za Robin Cooper na Robert Kaplan wa Harvard, nayo inafaa pale ambapo bidhaa zinatumia shughuli za kiwanda kwa viwango vinavyotofautiana sana. Kiwanda kinachopeleka minofu mibichi Ulaya kwa ndege, kwa oda ndogo ndogo zenye hati nyingi na ukaguzi wa mara kwa mara, na wakati huo huo kinajaza makontena ya minofu iliyogandishwa kwa oda moja kubwa, kitajidanganya kikigawa gharama za ofisi kwa kilo, kwa sababu kilo ya ndege inakula muda wa watu wengi kuliko kilo ya kontena. Mwenye bidhaa moja, au mbili zinazofanana, atatumia fedha nyingi kukusanya taarifa zisizombadilishia uamuzi. Kaplan mwenyewe, pamoja na Steven Anderson, alitoa mwaka 2004 namna nyepesi inayotegemea makadirio ya muda, kwa kuwa ile ya awali ilikuwa imezishinda kampuni nyingi kuiendesha. Atakayenyoosha mkono tena, muulize ni uamuzi gani utakaobadilika.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha uhasibu wa menejimenti katika chuo kimoja cha hapa Mwanza, darasa la wanafunzi zaidi ya mia moja. Nimejaribu visa mkasa mihula miwili. Nikiuliza swali wanainama wote, na wanaozungumza ni wale wale. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Nirudi kwenye mihadhara?
*Mhadhiri, Malimbe*

Usirudi, ila punguza. Darasa la watu mia moja halihimili kisa kila wiki. Visa vinne kwa muhula, vilivyotanguliwa na mihadhara ya ufundi, vinatosha na kubaki.

Kimya unachokisimulia mara nyingi hakitokani na ujinga wala uvivu. Mwanafunzi anayeweza kukueleza kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, kwa nini dereva wa daladala anapakia abiria wa mwisho kwa nusu nauli, anashindwa kueleza jambo hilo hilo kwa Kiingereza mbele ya watu mia, na anachagua kunyamaza ili asichekwe. Waache wajadiliane katika vikundi kwa Kiswahili, kisha mmoja alete hitimisho kwa lugha ya mtihani. Sioni kanuni inayovunjwa, na kama ipo, imeandikwa na mtu ambaye hajakaa mbele ya darasa lako.

Anza kwa kura kabla ya hoja. Kama kisa ni cha oda ya bei ya chini, wanaoikubali wanyooshe mikono, wanaokataa vilevile, uandike idadi ubaoni. Aliyenyoosha mkono amekwisha kusema kitu, na kumuuliza sababu si kumvamia tena. Anza na upande wenye wachache, kwa sababu wengi wakitangulia wachache watajiunga nao kimyakimya. Ubao ugawe sehemu tatu: gharama zinazobadilika kwa uamuzi huu, zisizobadilika, na makadirio ambayo hatuna uhakika nayo. Kila tarakimu inayotajwa iulizwe itakaa wapi. Mabishano makali utayaona pale ambapo mwanafunzi mmoja anauweka mshahara wa msimamizi kushoto na mwingine anauhamishia katikati, na hapo usiingilie haraka. Waulize tu kama msimamizi huyo ataachishwa kazi oda ikikataliwa. Wakishindwa kujibu, tarakimu iende sehemu ya tatu, mjadala uendelee.

Robo saa ya mwisho ni yako. Onyesha hesabu ambayo haina ubishi, taja makosa uliyoyasikia bila kutaja walioyasema, na msimamo wako juu ya uamuzi wenyewe uuhifadhi, kwa maana ukiutoa mara moja, kisa kinachofuata watakaa wakiusubiri.

Alama usizitoe kwa kuzungumza, la sivyo utakuwa umewapa wale wale. Zitoe kwa ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, wenye msimamo na hesabu yake, na uukusanye mlangoni kabla kipindi hakijaanza. Ukiukusanya baada ya mjadala utapata karatasi mia moja zenye jibu moja.